Rekodi ninayoikumbuka ilitoka baada ya baba kufariki. Je, nimemtunga baba yangu?

*"Daktari, baba yangu alikuwa dereva wa lori, akibeba mizigo ya bandarini kutoka Mombasa hadi Malaba. Shule zikifungwa alikuwa akinichukua safari moja moja. Wimbo wake ulikuwa 'Hotel California' wa kundi la Eagles. Alikuwa akiirudisha kaseti mpaka mwanzo kabisa, wakati mwingine kwa kalamu maana redio ya lori ilikuwa inakula kanda, halafu ananiambia, 'Ngoja mwisho, usikie magitaa mawili yanavyojibizana.' Nakumbuka usiku mmoja tumepumzika Mtito Andei. Wimbo ukaanza kwa gitaa laini, ngoma ikapigwa taratibu, watu wakapiga makofi, baba akatabasamu. Nilikuwa na miaka kumi au kumi na moja. Baba alifariki 1992.*

*Juzi tulipokutana nyumbani kumkumbuka nikasimulia hayo. Mdogo wangu akasema rekodi yenye ngoma na makofi ilitoka 1994, kwa hiyo haiwezekani niliisikia na baba. Nimetafuta kwenye simu, ni kweli. Tangu siku hiyo sina raha. Je, nimemtunga baba yangu? Nina karibu miaka hamsini, na bibi yangu alikufa akiwa hatutambui tena. Je, ndiyo yanaanza? Tena nimekuwa nikiusikiliza wimbo huo karibu kila siku, na siku hizi silii. Hilo nalo linaniogopesha."*

Dada yangu, pole. Msiba wa zamani umefufuka kwa mlango ambao hukuutazamia. Nikikusoma vizuri, kinachokuuma si tarehe ya rekodi. Unaogopa kwamba kama ngoma na makofi havikuwapo, basi huenda na Mtito Andei haikuwapo, tabasamu halikuwapo, na baba unayemjua ni wa kubuni. Jibu langu ni hapana, na nitakueleza kwa nini nasema hivyo bila kukubembeleza.

Nianze na rekodi, maana ugomvi ulianzia hapo. Mdogo wako yuko sahihi. Wimbo huo ulirekodiwa studio mwaka 1976, albamu ikatoka Desemba mwaka huohuo, na mwezi Mei 1977 ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Una dakika sita na nusu, hauna mtazamaji wala kofi. Kundi lilivunjika 1980, likaungana tena 1994, na mwezi Aprili mwaka huo likapiga mbele ya watazamaji huko California kwa ajili ya televisheni. Hapo ndipo wimbo uliposukwa upya: utangulizi mrefu wa gitaa la nyuzi za nailoni, ngoma za mkono, na makofi yanayolipuka pale watu wanapotambua ni wimbo gani. Albamu ya tamasha hilo iliingia madukani Novemba. Iko pia rekodi ya jukwaani ya mwaka 1980 ambayo nayo ina makofi, kwa hiyo makofi peke yake yasingeamua kesi hii. Ila humo magitaa ni ya umeme. Gitaa laini, ngoma na makofi vikiwa pamoja, hiyo ni 1994. Baba alikuwa ametangulia miaka miwili.

Hilo linathibitisha nini? Linathibitisha kwamba kipande kimoja cha sauti kimeingia katika kumbukumbu yako kikitoka wakati mwingine. Halithibitishi zaidi ya hapo. Mdogo wako ameshinda hoja moja ndogo, na wewe umempa ushindi wa nyumba nzima.

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba ubongo unarekodi mambo na kuyahifadhi kama yalivyo, na kwamba kukumbuka ni kubonyeza kitufe tu. Mwanasaikolojia wa Uingereza, Frederic Bartlett, aliipinga imani hiyo tangu 1932. Aliwapa watu hadithi ngeni kwao, akawaomba waisimulie baada ya siku, wiki na miezi. Kila walipoirudia waliipunguza hapa, wakaijaza pale, na mambo yasiyoeleweka wakayageuza yafanane na wanayoyajua. Hawakuwa waongo. Ndivyo akili inavyofanya kazi.

Tunachokifahamu leo ni hiki. Tukio moja halikai mahali pamoja kichwani. Sauti ina sehemu yake ya ubongo, sura za vitu zina yao, hofu na furaha zina yao, na kiungo kidogo kinachoitwa hipokampasi ndicho kinachoshikilia nyuzi zinazoviunganisha. Ukikumbuka, vipande hivyo hukusanywa upya. Vikiwa mkononi, kabla havijafungwa tena, jambo jipya linaweza kujipenyeza na kufungwa pamoja navyo. Mwaka 2000 watafiti wa New York wakiongozwa na Karim Nader walionyesha kwa panya kwamba hata kumbukumbu ya woga iliyokwisha kukomaa hulegea inapoamshwa, na inahitaji kujengwa tena ili ibaki. Fikiria nyumba ya makuti. Kila baada ya miaka makuti yaliyooza hutolewa na mapya kuwekwa. Miaka thelathini ikipita huenda halipo hata kuti moja la mwanzo, lakini boriti, mlango na kiwanja ni vilevile, na hakuna atakayesema si nyumba ile.

Nadhani kumbukumbu yako ilikwenda hivi, ingawa siwezi kuapa. Baba alifariki ukiwa kijana wa miaka kumi na sita au hivyo. Miaka michache baadaye rekodi ya 1994 ikaenea kila mahali: redioni, kwenye matatu, kwenye maduka ya kaseti. Kila ilipopigwa ulimkumbuka baba, na kila ulipomkumbuka ulikuwa unasikia ngoma na makofi. Kwa miaka mingi umeisikia hiyo mara nyingi kuliko ile ya studio. Ubongo wako ukafunga vitu viwili vilivyokuja pamoja mara nyingi. Hapo hakuna ugonjwa wowote.

Na kuna jambo linalofanya kosa la namna hii liwe rahisi sana. Jambo tunalolikumbuka na mahali tulipolipata havifungwi kwa fundo moja. Mtafiti wa Marekani, Marcia Johnson, ametumia miaka mingi kulichunguza hilo: kiini cha jambo hudumu, chanzo chake hupotea mapema. Ndiyo maana mtu anajua habari fulani kwa uhakika lakini hawezi kusema kama aliisoma, aliambiwa na jirani, au aliisikia redioni. Wewe hukukosea wimbo. Umekosea chanzo cha sauti.

Tena uhakika ulio nao moyoni si kipimo. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kililipuka muda mfupi baada ya kurushwa. Kesho yake asubuhi, Ulric Neisser na Nicole Harsch wa Chuo Kikuu cha Emory waliwaomba wanafunzi waandike walikuwa wapi na nani aliwapa habari. Miaka miwili na nusu baadaye wakawauliza tena. Kati ya wanafunzi 44 waliorudi, 11 walikosea kila jambo kubwa, na wengi wao walikuwa na uhakika mkubwa. Walionyeshwa karatasi walizoandika kwa mkono wao, na bado hawakuikumbuka siku ile kama ilivyoandikwa. Chombo kililipuka kweli. Walikuwa wanafunzi kweli. Kilichohama ni mazingira ya habari.

Hata aliyeupiga wimbo wenyewe hakusalimika. Don Felder, mpiga gitaa aliyebuni muziki wake, amesimulia kwamba alirekodi jaribio la kwanza nyumbani kwake Malibu, ufukweni. Muda mrefu baadaye, wakiwa studio Miami, Don Henley, mwimbaji wa wimbo huo, akamtaka apige sehemu ya mwisho ileile ya kwenye jaribio, noti kwa noti. Felder hakuikumbuka. Ilibidi ampigie simu mtunza nyumba wake, atafute kanda, aicheze kwenye redio na kuishikiza simu karibu na spika ili yeye asikilize na kujifunza upya vidole vyake mwenyewe. Kama mtunzi alisahau sehemu inayopendwa kuliko zote katika wimbo wake, wewe usijihukumu kwa ngoma.

Sasa turudi kwenye ushahidi wako, maana mdogo wako hakuutazama wote. Unasema baba alikuwa akiirudisha kaseti mpaka mwanzo kabisa. Katika albamu ya 1976 wimbo huo ndio wa kwanza, upande A. Ni wa kwanza pia katika rekodi ya jukwaani ya 1980, na katika mkusanyiko wa nyimbo zao uliotoka 1982. Katika albamu ya 1994 ni wa sita. Ukiutaka huo hurudishi mpaka mwanzo, unasogeza mbele. Kwa hiyo ule mkono wa baba, kalamu ndani ya tundu la kaseti na kanda inayorudi mpaka mwanzo wake ni mambo yasiyoweza kuwa yametoka kwenye rekodi ya baadaye. Unasema pia alikutaka ungoje mwisho usikie magitaa mawili yakijibizana. Hiyo ndiyo sifa kuu ya rekodi ya studio, Felder na mpiga gitaa mwenzake Joe Walsh wakipokezana. Na gitaa laini la mwanzo halina ugomvi, kwani hata rekodi ya studio inaanza kwa gitaa lisilo la umeme. Ukiondoa ngoma na makofi, kila kilichobaki kinakaa sawa katika miaka ya themanini. Hii si hukumu ya mahakama. Lakini kama ningeulizwa ni kipi nikiamini na kipi nikiache, ningeacha vitu viwili na kubaki na baba, kalamu, lori na Mtito Andei.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wimbo na si, tuseme, sahani aliyopenda kulia. Wimbo uliorekodiwa una bahati ya pekee: kila unapopigwa huja vilevile, kwa mwendo uleule, kwa dakika kadhaa, na hivyo huupa ubongo muda wa kukusanya vipande. Na sisi tunaushika kwa uaminifu mkubwa. Mtafiti Daniel Levitin aliwaomba watu wa kawaida waimbe nyimbo wanazozipenda bila kuzisikiliza kwanza, na wengi walikaribia sana sauti na mwendo wa rekodi halisi. Mwaka 2009 Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliwachezea watu vipande vya nyimbo zilizovuma walipokuwa na umri wa miaka 8 hadi 18 huku akipiga picha za ubongo. Nyimbo zilizoleta kumbukumbu za maisha yao ziliamsha sehemu ya katikati ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, mahali panapohusika sana na namna mtu anavyojifahamu. Ulikuwa na miaka kumi hivi, ndani ya umri huohuo. Na utafiti wa Carol Krumhansl na Justin Zupnick wa mwaka 2013 uliona kwamba vijana hubeba mapenzi na kumbukumbu za nyimbo za ujana wa wazazi wao, si za kwao tu. Nyimbo za baba huingia kwa mtoto kupitia nyumbani na garini. Kwenu zilipitia kwenye kichwa cha lori.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la machozi. Muziki unaotugusa huamsha dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha na matarajio. Utafiti wa Montreal wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba huanza kupanda hata kabla ya kile kipande kinachosisimua kufika. Kwa maneno ya baba yako, ni ile "ngoja mwisho". Ukisikiliza kila siku, mwili huzoea na mshtuko hupungua. Zaidi ya hapo, wimbo hukumbusha vizuri pale unapoelekeza mahali pamoja. Ukiupiga ukifua, ukipika, ukisubiri foleni ya benki, unauunganisha na kufua, na kupika, na foleni, na njia ya kwenda kwa baba inasongwa na njia nyingine. Ni kosa la matumizi tu, si usaliti. Kutolia si kusahau. Kwa watu wengi ni dalili kwamba huzuni imepata mahali pa kukaa bila kukuumiza.

Ushauri wangu hapa ni wangu, unaweza kuukataa: utoe wimbo huo kwenye orodha ya kila siku. Rekodi ya studio ibaki ya baba, uisikilize kwa nadra na kwa makusudi. Ile ya 1994 isikilize upendavyo, ni nzuri mno, wala haina hatia.

Kuna njia ya kuipata sehemu ya ukweli iliyobaki, lakini utaratibu wake ni muhimu. Kwanza andika yote unayoyakumbuka leo, kabla hujasikiliza rekodi yoyote na kabla hujazungumza na mtu mwingine. Weka alama kwenye yale unayoyaona kabisa na yale unayoyadhani tu. Kisha, kama mama yako au rafiki wa baba wa barabarani yuko hai, mwulize peke yake, na mwulize swali lililo wazi: "Baba alikuwa akisikiliza nini kwenye lori?" Usimwambie, "Unakumbuka baba alivyopenda Hotel California?" kwa sababu jibu utakuwa umeshamtilia mdomoni. Kumbukumbu za watu wanaozungumza pamoja huambukizana haraka, na mkutano wa ndugu wote sebuleni ndio mahali pabaya kuliko pote pa kutafuta ukweli, hata kama ni pazuri pa kucheka na kulia. Baada ya hapo sikiliza rekodi ya studio mpaka mwisho. Huenda kuna kitu kitarudi. Huenda kisirudi. Kikirudi kiandike, lakini nacho kichukulie kwa tahadhari ileile, kwa sababu utakuwa umekingoja.

Kuhusu kuwasimulia wanao, una njia mbili. Unaweza kuisimulia kama inavyokujia, ngoma na makofi ndani, maana ndivyo baba anavyoishi kwako, au unaweza kusema, "Hivi ndivyo ninavyomkumbuka, ingawa ngoma zile nadhani nilizisikia baadaye." Mimi ningechagua ya pili, kwa sababu siku moja mjomba wao atawaeleza habari ya 1994, na ni bora waipate kwako kwanza. Ila kama jambo linahitaji ukweli wa kushikika, kama mirathi au ushahidi, kumbukumbu ya mtoto wa miaka kumi iliyokaa karibu miaka arobaini isisimame peke yake hata siku moja.

Sasa bibi yako. Kuchanganya rekodi mbili za wimbo mmoja baada ya miaka hiyo yote si dalili ya demenshia, maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Maradhi hayo kwa kawaida huanza na mambo ya karibuni: mtu anauliza swali lilelile mara nyingi siku moja, anapotea njia anayoipita kila siku, anashindwa kufuata hatua za chakula alichopika maisha yake yote au hesabu za duka lake, na mara nyingi ndugu huona kabla yake. Ukijiona katika hayo, au watu wa nyumbani wakikuambia wameyaona, nenda ukaonane na daktari ana kwa ana, usingoje. Usiende kwa hofu tu, kwani ziko sababu zinazotibika: upungufu wa damu au wa vitamini B12, tezi ya shingo kutofanya kazi vizuri, kukosa usingizi, sonona, au dawa unazotumia kwa ugonjwa mwingine. Vipimo vya damu vya kawaida hubaini mengi kati ya hayo. Mweleze daktari habari za bibi pia, alianza akiwa na umri gani na alianzaje. Ugonjwa ulioanza katika uzee mkubwa una maana tofauti kwa wajukuu na ulioanza mapema.

Na kuna sababu nyingine ya kutafuta mtu wa kuzungumza naye, ambayo barua yako haioneshi lakini siwezi kuiacha. Kama wimbo unakuletea picha za siku za mwisho za baba usizoweza kuzizuia, kama unakwepa barabara au watu ili usiusikie, kama usingizi umepotea kwa wiki kadhaa, au kama huzuni imekuzuia kufanya kazi na kukaa na watu kwa zaidi ya nusu mwaka, basi nenda kwa mwanasaikolojia au kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya kaunti yako. Na ikikujia fikra ya kujidhuru, nenda leo, na usiende peke yako. Huzuni iliyokwama ina matibabu ya mazungumzo yanayosaidia, hata kwa msiba wa miaka mingi.

Kwa leo, anza na karatasi na kalamu kabla hujamwuliza mtu yeyote. Mdogo wako mpigie mwisho, na ukimpigia mwambie alikuwa sahihi kuhusu 1994. Kisha mwulize yeye anakumbuka nini cha baba, mwache azungumze mpaka amalize, na uandike.